Mhusika Anarudishwa Jumamosi

Kitabu nilikichagua mimi, kwa hiyo ukisikia mtu ananilaumu usimkatalie. Nina duka la vitabu vilivyotumika, na kwa sababu hiyo watu wanadhani nina akili. Ndivyo nilivyopewa uongozi wa kikundi chetu cha wasomaji, ambacho hukutana kwenye simu zaidi kuliko ana kwa ana, kwa kuwa kila mtu ana shughuli zake na hakuna mwenye sebule ya kututosha. Kitabu kimoja hutoka dukani kwangu na kuzunguka kwa wanachama kwa zamu. Anayekisoma hutuma maoni yake kwa sauti, nasi wengine tunamjibu kwa sauti, tukikohoa kwanza ili tuonekane tumefikiri.

Kanuni yetu ni moja tu, nayo niliitunga mimi siku niliyokuwa najiona mtu mkubwa. Usimtaje mhusika kwa jina wala usiseme mwisho wake, maana wapo ambao hawajasoma. Sema "mhusika", inatosha. Niliieleza kanuni hiyo kwa hotuba ndefu kuhusu heshima kwa msomaji, na hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho isipokuwa mimi.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mlinzi wa kiwanda. Kiwanda kimefungwa, mashine zimebebwa, lakini mlinzi anaendelea kuvaa sare na kwenda kulinda kila jioni, kwa sababu hajui atamwambiaje mkewe kwamba kazi imekwisha. Kurasa nyingi yuko kimya tu. Mimi nilikisifu mno. Nilisema ukimya wake "una sauti", maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natafuta pa kuficha uso.

Baada yangu kilikwenda kwa Mpokezi. Tunamwita hivyo kwa kazi yake: anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, anapokea watu wenye mashavu yaliyovimba na kuwatuliza. Ndiye mwanachama wetu mwenye bidii kuliko wote, kwa sababu anasoma kitabu kabla ya kukizungumza. Mumewe ni fundi wa friji, na kikundini hayumo. Yeye husoma yale maandishi madogo nyuma ya mashine, na akimaliza hajisumbui kutoa maoni.

Jioni moja Mpokezi alifunga mlango wa jikoni, akarekodi maoni yake. Alikuwa amebakiza kurasa chache na moyo wake ulikuwa umejaa. Wakati huohuo mumewe alimwandikia kutoka karakana, "Nachelewa. Kuna friji imekataa." Ujumbe huo ulilipandisha jina la Fundi juu kabisa kwenye simu, mahali ambapo siku zote hukaa jina la kikundi. Mpokezi hakutazama. Alibonyeza la juu, akatuma, akawasha jiko.

*

Karakana ya Fundi ni chumba kimoja kirefu chenye friji zilizosimama pande zote mbili na milango wazi. Alikuwa na mteja, mama mwenye duka la vinywaji baridi, ambaye alikuja kuona friji yake inasemaje. Simu ililia. Fundi alifuta mikono, akaibana kwenye sikio la kulia, akabonyeza. Sauti ya simu yake huwa juu kabisa siku zote. Kila akiulizwa husema spika imechoka.

"Jamani, habari za jioni," simu ilisema, na mteja akageuka. "Nawaambia ukweli, mimi na mhusika tumefika mwisho. Nimemvumilia vya kutosha. Kula anakula, kulala analala, ukimsemesha anaangalia ukuta. Unajiuliza, huyu mtu ni mzima? Mwanzoni nilimpenda, sikatai. Sasa hivi nikimwona tu naanza kupiga miayo. Jumamosi namrudisha kwao, achukuliwe na mwingine mwenye moyo. Kama yupo anayemtaka, aseme mapema."

Kwao, katika lugha ya kikundi chetu, ni dukani kwangu. Lakini hilo Fundi angelijuaje?

Alibaki ameshika simu. Mteja aliinama, akajifanya anakagua mpira wa mlango wa friji.

"Ni mchezo wa redio," Fundi alisema.

"Eh."

"Wanaupenda sana, mke wangu na wenzake."

"Fundi," mama alisema kwa upole, "mkeo aliniita mara ngapi pale kwenye meno? Sauti ile naijua. Pole, baba. Friji nitaifuata siku nyingine, wala usiwe na haraka nayo."

Hiyo ndiyo iliyomuuma. Tangu amfahamu, mama yule hajawahi kumwambia fundi asiwe na haraka. Alipoondoka, Fundi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akausikiliza ujumbe tena na tena. Kurudishwa kwao angeweza kukumeza. Kilichomkwama kooni ni ile miayo. Alikuwa anampenda mkewe, jambo ambalo hakuwa amelisema siku nyingi kwa kudhani linajulikana.

Mwishowe akampigia dada yake mkubwa.

"Dada, shikamoo. Kile chumba cha nyuma bado kina kitanda?"

"Marahaba. Kipo. Mgeni gani?"

"Mimi."

*

Mtauliza nimeyajuaje ya ndani. Wenyewe wamenisimulia, kila mmoja kwa upande wake, na palipopungua nimejaza. Mtu akiuza riwaya muda mrefu hashindwi kujaza.

Fundi aliamua kwamba kabla ya Jumamosi atakuwa mume mwingine. Alirudi mapema, akaosha vyombo, akapanga vikombe upande ambao havikai. Mkewe alivipanga upya bila kusema kitu. Hakuwa na hamu ya kusema. Alikuwa na kinyongo na sisi wasomaji, kwa kuwa alikuwa ametoa maoni yake kwa moyo wote na kikundi kizima kilikaa kimya. Hakuna aliyemkubali wala aliyembishia, naye kwa hasira hakukifungua kikundi hata kutazama, alingoja tu simu ilie. Kwenye kikundi chetu, ambako mtu akituma picha ya jalada tu anapongezwa, kimya kile kilikuwa tusi. Alikuwa anatuonea, masikini, kwa maana sisi hatukupata kitu.

Meza yao ya kulia imesogezwa ukutani. Wanakaa wakitazamana, na ukuta uko upande wa kushoto wa Fundi.

"Umeona miwani yangu?" Mpokezi aliuliza.

Fundi aligeuza uso ukutani kidogo. "Amani ipo, mke wangu. Mimi sina neno na mtu."

Mkewe akainuka kuitafuta miwani mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Mpokezi alisukuma sahani, akasema, "Mimi nimechoka na kimya chao. Mtu unatoa la moyoni, hakuna hata anayekujibu."

Alisema "chao". Fundi alisikia "chako".

"Nitajitahidi," alisema kwa sauti nzito.

"Wewe ujitahidi nini?"

Alikuwa ameangalia ukuta, pale penye alama ya maji iliyoanza kupasua rangi, amekaza macho kana kwamba kuna maandishi. Mpokezi alisubiri. Halafu akachukua kitabu chake akaenda kukimalizia chumbani, akiwaza kwamba hata yule mlinzi, kwa ukimya wake wote, angalau alikuwa na sare.

Asubuhi Fundi alianza kukunja nguo zake. Alijiambia kwamba mtu anayejua atarudishwa ni heri atoke kwa miguu yake. Alikunja mashati mawili, akayakunjua, akayatundika tena.

*

Jumamosi Mpokezi alikuwa amevaa, mkoba begani na kitabu ndani ya mkoba, anafungua mlango atoke. Nje alikuta watu wawili wanataka kubisha hodi.

Wa kwanza ni dada yake Fundi, ambaye familia nzima inamwita Spika, kwa kuwa hajawahi kukaa kwenye kikao asikiongoze. Wa pili ni mjomba wa Mpokezi, karani mstaafu wa mahakama, aliyeitwa na Spika ili upande wa mke nao uwakilishwe.

"Shikamoo Mjomba. Shikamoo wifi. Karibuni, mbona hamkusema?"

"Marahaba. Unakwenda wapi, wifi?"

"Kurudisha. Nilisema Jumamosi nitarudisha."

Spika alimgeukia Mjomba. "Unaona? Hata hafichi."

Waliingia. Fundi alikuwa kwenye kochi, amevaa shati la harusi za watu. Spika alikaa katikati, akatangaza kwamba wamekuja kujenga wala si kubomoa, na kwamba kila mtu atapewa nafasi baada yake. Alizungumza habari za subira, akazungumza habari za mdogo wake alivyokuwa mtoto mtulivu, akafika mahali pa kusema chumba cha nyuma kipo lakini si suluhisho.

"Chumba cha nyuma cha nini?" Mpokezi aliuliza.

"Tusizungushane," alisema Mjomba. "Binti yangu, kuna maneno umeyatamka. Mimi siwezi kukutetea gizani. Kielelezo kiletwe."

Fundi aliitoa simu, akaiweka mezani, akabonyeza. Sauti ikajaa sebule. Jamani, habari za jioni. Mpokezi alisikiliza akiwa amefungua mdomo. Ilipofika kwenye kula anakula, alishika kichwa. Ilipofika kwenye kurudishwa kwao, alianza kucheka, na alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na mkoba wake.

"Ni kitabu," alisema alipopata pumzi. Akakitoa, akakiinua wakione. "Mhusika ni wa kwenye riwaya. Kwao ni dukani. Kumbe nilikutumia wewe! Na mimi nimewanunia watu wa kikundi siku zote hizi."

Mjomba alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma. "Mhusika," alisema. "Kwetu mahakamani mhusika ni mwenye kesi."

"Kwetu ni mtu wa hadithini, Mjomba."

"Mngetafuta neno jingine."

Spika alikuwa amebaki na hotuba nusu na hakupenda. "Sasa huyo mlinzi," alisema, "amefanya nini hasa mpaka unamsema namna ile?"

Mpokezi akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, na habari ya sare na geti na kiwanda kitupu. Kabla hajamaliza, Spika alikuwa ameshachukua upande.

"Huyo mwanamume ana heshima. Anabeba lake mwenyewe."

"Anadanganya," alisema Mjomba. "Kuvaa sare ya mwajiri asiyekuwepo ni kosa. Nimeziona kesi za hivyo."

"Anamlinda mkewe asiumie."

"Kwa kumdanganya?"

"Wewe Mjomba ulimwambia mkeo kila kitu?"

Mjomba akakohoa. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karakana, alikuwa anatabasamu, ingawa nusu ya mabishano ilikuwa inampita. Mambo yalikuwa yameisha. Chai ilikuwa inachemka. Ndoa ilikuwa imepona, na ingekuwa hivyo hadi leo, au ingejifanya hivyo, kama si mimi kubisha hodi.

*

Nilikuja kufuata kitabu. Aliyefuata kwenye zamu ni dereva wa lori aliyekuwa karibu kusafiri, na kitabu kilikuwa bado hakijaletwa dukani. Nilifunguliwa, nikakuta watu wanabishana kuhusu riwaya niliyoichagua mimi. Sijui kama mnaelewa furaha ya namna hiyo. Nilikaa bila kukaribishwa.

Walinisimulia kisa chote cha ujumbe, na Mjomba, kwa kupenda utaratibu, akaamuru kielelezo kichezwe tena ili mtaalamu asikie. Mtaalamu ni mimi. Nilisikiliza nimefumba macho na kidole kidevuni. Wote walikuwa wananisubiri.

"Maoni mazuri," nilisema. "Yana hisia. Ila kuna kosa dogo. Mhusika haangalii ukuta."

"Nini?" Spika aliuliza.

"Mlinzi anaangalia geti. Kila akisemeshwa anaangalia geti. Geti lina maana kubwa katika kazi hii. Ukuta haumo kabisa. Na mkewe hamsemeshi wakiwa mezani, maana hawali pamoja. Hilo la kula na kuangalia ukuta sijui Mpokezi amelitoa wapi."

Nilifumbua macho nikiwa na tabasamu la mtu aliyesaidia. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wanatazama meza ya kulia, viti vyake viwili, na ukuta wenye alama ya maji.

Jikoni birika lilikuwa linafoka na hakuna aliyekwenda. Mpokezi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitamani nikimeze kitabu chote, jalada na yote.

"Basi nilimsema yeye," alisema mwishowe. "Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani namsema mlinzi." Akainua uso kumwelekea mumewe. "Lakini ni kweli, Fundi. Nakusemesha, unanigeuzia uso. Naongea na shavu. Mimi kutwa nzima watu wananijibu, hata wenye ganzi mdomoni wananijibu. Nikirudi hapa naongea peke yangu. Nimechoka. Hiyo si riwaya."

Fundi alikuwa ameangalia pembeni, kuelekea mlangoni. Spika alimgusa goti. "Mdogo wangu, unaongeleshwa."

"Nasikia," Fundi alisema. Kisha akasema, "Hapana. Sisikii."

"Naomba na mimi nitoe maoni," alisema, akanitazama mimi, kama ndiye mwenye ruhusa. "Kitabu sijasoma. Nimesikia tu hapa, na si chote. Huyo mlinzi, mimi namwelewa. Siyo kwamba hataki kusema. Anaogopa akisema moja ataulizwa la pili." Alijishika sikio la kushoto, akalivuta kidogo, kama mtu anayejaribu swichi iliyokufa. "Hili halifanyi kazi. Kelele za kompresa za friji zimelimaliza. Kabisa. La kulia nalo limeanza kuchoka. Nikigeukia ukuta ndiyo nakusikiliza. Natega hili la kulia. Nikikutazama usoni, sauti yako yote inaishia hewani."

"Fundi wa friji anasikiliza mashine," aliendelea. "Ndivyo anavyojua inaumwa nini. Siku hizi naweka mkono juu yake nisikie inavyotetemeka. Nani ataleta friji kwa fundi kiziwi? Na wewe nikikujibu ovyo utacheka. Kwa hiyo nanyamaza. Lakini pale mezani, mke wangu, mimi huwa nakusikiliza kwa nguvu zangu zote."

"Kwa hiyo ile amani..." Mpokezi alisema taratibu.

"Amani gani?"

"Niliuliza miwani."

Fundi alifikiri. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe na hana wa kumsaidia, na mkewe akamfuata, ila yeye alikuwa analia palepale anapocheka. Aliinuka sakafuni, akazunguka kochi, akamsukuma Spika asogee, akakaa upande wa kulia wa mumewe. Spika alisogea bila kutoa hoja. Mjomba alitangaza kwamba kikao kimefungwa, akaenda kutoa birika motoni.

Mimi nilichukua kitabu nikaondoka. Nilisahau kuaga.

*

Walisogeza meza. Sasa ukuta uko nyuma ya Fundi na mkewe anakaa ubavuni kwake. Jioni humsomea kitabu kwenye sikio la kulia, na Fundi humkatiza kila ukurasa kubishana na wahusika, mpaka Mpokezi amesema alipendelea zamani. Kikundini tumempokea Fundi. Maoni yake anayatuma kwa sauti ya juu mno, na tumejifunza kuweka simu mbali kabla ya kubonyeza. Kuhusu mlinzi alisema kitabu kingekuwa kifupi sana kama mkewe angehama kiti. Ni maoni bora kuliko yangu ya ukimya wenye sauti, na hakuna aliyeona haja ya kunificha hilo.

Kliniki ya masikio walikwenda pamoja. Fundi hakutaka. Alisema karakanani kuna friji zinamngoja, alisema sikio la kulia bado lina nguvu, alisema mengi, na kwa kuwa sasa wanasemeshana alijibiwa yote. Walikaa kwenye benchi la kungojea kati ya wazee na watoto. Mpokezi alimtazama binti wa mapokezi kwa jicho la mwenzake wa kazi, akaona anakunja karatasi vibaya, akanyamaza.

"Mhusika ni nani hapa?" binti aliita, ameshika kadi. "Mhusika."

Fundi alikuwa ameangalia ukuta. Hakusikia, au alisikia akaogopa. Mikono yake yenye grisi isiyotoka ilikuwa imebanwa katikati ya magoti.

"Jamani, mhusika yuko wapi? Kama hayupo kadi inarudishwa."

Mpokezi alisimama, akamshika mumewe kiwiko, akamwinua.

"Huyu hapa," alisema. "Ni wangu. Simrudishi."

Binti alimtazama kama anayeshangaa watu wa siku hizi, akawaonyesha mlango, nao wakaingia.